M ya Mheshimiwa

Kuna watu wakikaa kwenye foleni huona foleni. Kinanda akikaa kwenye foleni huona shamba lililoiva na mwenye shamba amelala.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ukimgusa popote hutoa sauti, na sauti yenyewe ni tamu, na wimbo ukiisha unakuta wewe umecheza na yeye ameondoka na viatu vyako. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, pembeni ya mdogo wake wa kike, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na hasira ya miaka minane. Shemeji yake alikuwa mbali kwenye kazi za kujenga barabara. Mama yao alikwisha kutangulia mbele ya haki, na kabla ya kutangulia alimshika Kinanda mkono akamwambia maneno matatu tu: "Mtazame mdogo wako." Kinanda alikuwa amewadanganya watu wengi hapa duniani, lakini mama yake hakuwahi kumdanganya. Au tuseme alijaribu, hakufanikiwa.

Kituo kilikuwa kimeingia kwenye mambo ya kisasa. Zamani, yaani wiki tatu nyuma, mgonjwa alichukua kadi, kadi ikaenda kwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kufunga kwa kamba, naye akaingia kwenye makabati yake na kutoka na faili lako hata kama ulikuwa umelisahau mwenyewe. Watu walimwita Mama Masjala. Sasa makabati yalifungwa, ukaletwa mfumo. Mfumo ulikaa kwenye kompyuta, kompyuta ikakaa mezani, na nyuma ya meza akawekwa Mama Masjala yuleyule aite namba zinazotokea kwenye kioo. Daftari lake kubwa lenye jalada jekundu aliambiwa alipeleke stoo. Alilipeleka chini ya kiti chake.

"Mwanangu," alimwambia mdogo wake Kinanda, "kwenye daftari langu umo tangu mwezi wa tatu. Lakini kuanzia leo, mjamzito ambaye hayumo kwenye mfumo, kwa wakubwa huko juu hayupo. Sanduku la kujifungulia haliji, gari la wagonjwa haliendi. Una simu ujiandikishe?"

"Yangu iliingia kwenye ndoo ya maji, mama."

"Mimi ni kaka yake," Kinanda alidakia, mkono kifuani. "Nitamwandikisha mimi. Leo hii."

"Leo?"

"Mama, neno langu ni chuma."

Mama Masjala alimtazama juu ya miwani. Alikuwa ameishi miaka ya kutosha kujua kwamba chuma nacho hushika kutu. Akaita namba.

Na hapo ndipo shamba lilipoonekana. Mzee mmoja mwenye kikohozi alikuwa benchini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne akaingia mwanamke mjamzito, akabonyeza simu yake mlangoni, hata kuketi hajaketi, kioo kikaandika M-09 naye akapita ndani.

"Huyu kaingiaje?" Kinanda aliuliza.

"M ni mjamzito," mdogo wake alisema. "Ukiwa M, mfumo unakupandisha juu wenyewe. Ukiwa mwezi wa nane ndiyo kabisa. Haya, niandikishe."

Kinanda akatoa simu na kuanza kusoma maswali. Jina. Umri. Mtaa. Je, una mimba? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana. Ya miezi mingapi? Asante. Alirudi mwanzo akasoma tena, polepole, kwa heshima anayopewa mtu aliyeacha mlango wazi. Hakuna mahali mfumo ulipouliza kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Aliyeutengeneza, bila shaka ni msomi aliyelelewa vizuri, aliona aibu kuuliza jambo ambalo lingejibika lenyewe.

"Umemaliza?" mdogo wake aliuliza.

"Nasoma maelekezo kwanza. Mambo haya hayataki pupa."

Wakati huohuo mlangoni likaingia tumbo, na baada ya tumbo akaingia Mwenye Nyumba. Huyu ndiye aliyemiliki nusu ya vyumba vya mtaa, pamoja na chumba cha uani, ubavuni mwa choo, alimoishi Kinanda. Alikuja kupima presha. Alipoiona foleni, presha ikapanda bila kupimwa.

"Mtu kama mimi nipange foleni na wapangaji wangu?"

"Ndiyo maana kuna M, mzee," Kinanda alisema, akimpisha nafasi.

"M ndiyo nini?"

Kinanda alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Mheshimiwa."

Mwenye Nyumba aliketi. Neno lile lilimwingia kama chai ya moto siku ya baridi.

"Hawalitangazi," Kinanda aliendelea. "Wakilitangaza, kila mtu atataka heshima, na heshima ya kila mtu si heshima tena."

"Lakini aliyeitwa sasa hivi ni mwanamke tu wa kawaida."

"Wa kawaida? Unajua ni mke wa nani?"

Mwenye Nyumba hakujua. Mtu mwenye tamaa ya cheo hapendi kukiri kwamba hajui, kwa hiyo alitikisa kichwa kama anayejua sana.

"Nipe simu yako, mzee. Utazame ukutani kidogo, mambo haya yana siri ndani yake."

Mwenye Nyumba akautazama ukuta. Kinanda akabonyeza. Kwenye miezi alibonyeza nane, maana kazi ikifanywa ifanywe vizuri. Muda si muda kioo kikaandika M-10.

Mwenye Nyumba alisimama, akanyoosha shati. Mama Masjala alitazama kioo, akamtazama yeye, akalitazama tumbo, akarudi kwenye kioo.

"Wewe ndiye M?"

"Ndiye mimi. M. Mheshimiwa."

Mama Masjala alifuta miwani yake. Kisha akasema kwa upole, "Karibu, Mheshimiwa. Watangulie akina mama hawa wawili, halafu wewe." Macho yake yakampita Mwenye Nyumba, yakaenda mpaka kwa Kinanda, ambaye kwa wakati huo alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kwa bidii ya mtu anayesomea mtihani.

Jioni ile Kinanda alihamia chumba cha mbele chenye madirisha mawili. Hakuchukua hela. Hela mkononi ni ushahidi, lakini shukrani ni jambo kati ya mtu na moyo wake. Katika siku mbili akawa na waheshimiwa watano. Muuza nyama, aliyeitwa Bucha hata na mkewe, alimshukuru kwa maini kila Jumamosi. Kinyozi alimshukuru kwa kumnyoa bure. Fundi Cherehani alimshukuru kwa suti ya kijivu yenye mifuko ya ndani. Mwalimu Mkuu Mstaafu hakuwa na kitu, ila alimwandikia barua ya utambulisho kwa mwandiko mzuri sana, na ndani yake mlikuwa na neno "mwadilifu" mara tatu.

Kila jioni mdogo wake aliuliza, "Kaka, umeniandikisha?"

"Kesho, asubuhi na mapema."

Na kila mara alipotamka hivyo alikusudia kwa moyo wote. Hapo hakumdanganya mdogo wake. Alijidanganya mwenyewe, kosa ambalo tapeli aliyekomaa hapaswi kulifanya, kwa kuwa hakuna wa kumrudishia mali.

Tatizo la mfumo ni kwamba ukishakuandika haukusahau. Ulianza kuwatumia waheshimiwa ujumbe.

"Usinyanyue vitu vizito," ulimwambia Bucha. Bucha akaacha kubeba mapaja ya ng'ombe siku ileile, akakaa kwenye kiti na kuwaelekeza wengine kwa kidole. "Lala kwa ubavu wa kushoto," ulimwambia Fundi Cherehani, na Fundi akagombana na mkewe aliyekuwa na ubavu huo kwa miaka kumi na mitano. Mwenye Nyumba alimpigia Kinanda simu, sauti imelainika.

"Wananiuliza, 'Je, mtoto anacheza?' Mwanangu wamemjuaje?"

"Mzee, hawa wanakujua wewe na nyumba yako yote. Anacheza?"

"Mpira! Kutwa nzima! Juzi kavunja kioo cha jirani."

"Basi bonyeza ndiyo."

"Watu wanajali," Mwenye Nyumba alisema, karibu atokwe na machozi. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kinanda alipokata simu alicheka mpaka akashika ukuta. Wajinga ndio waliwao, alijisemea. Msemo huo una ukweli, ila haujasema mlaji ale mpaka lini.

Asubuhi ya siku yenyewe ilimkuta Kinanda kwenye kiti cha Kinyozi, suti mwilini, taulo shingoni, povu usoni. Nusu ya kidevu ilikuwa imeshanyolewa. Simu ya Kinyozi ikalia. Kinyozi akasoma kwa sauti: "'Je, una uchungu? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.' Hawa nao vipi leo?"

Nusu saa kabla ya hapo Mwalimu Mkuu Mstaafu alikuwa amepiga simu kuuliza swali hilohilo, na kabla yake Bucha, na kabla ya Bucha wale wengine. Kinanda alikuwa amewapa wote jibu moja, na sasa akalirudia huku amefumba macho.

"Wanataka kusikia kilio cha waheshimiwa. Una uchungu au huna?"

"Wa kumnyoa mtu bure mwezi mzima?" Kinyozi alisema. "Ninao mwingi tu."

"Basi bonyeza moja. Usimfiche daktari."

Kinyozi akabonyeza moja. Mwezi mmoja kamili ulikuwa umepita tangu watu watano waandikwe kwamba wana mimba ya miezi minane. Mwenye akili za kuhesabu vidole angeliona jambo hilo likija. Kinanda akili zake zilikuwa za kazi nyingine.

Mlango ukasukumwa. Aliingia jirani wa mdogo wake, mwanamke mnene aliyekuwa amekimbia mpaka pumzi zikamwishia.

"Nimekutafuta mtaa mzima tangu alfajiri! Mdogo wako kashikwa na uchungu!"

Kinanda alisimama na taulo lake. Neno hilo alilitamka mara tano asubuhi ile, na mara ya sita lilipoingia sikioni mwake lilikuwa neno jingine kabisa. Akapiga simu kituoni kwa spika, vidole vinateleza kwa povu. Mama Masjala akapokea.

"Mama, gari! Mdogo wangu anajifungua!"

"Namba yake ya M ni ipi, mwanangu?"

Kinanda alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza kinanda kiliguswa kikakosa sauti.

"Kwenye mfumo hayumo," Mama Masjala alisema taratibu. "Na gari limetoka. Mfumo umelituma kwa wenye uchungu. Mwalimu Mkuu Mstaafu, Bucha, Fundi Cherehani, Mwenye Nyumba, na Kinyozi. Mfumo unasema wote wamefikia wakati wao."

"Mama, hao..." Kinanda alianza.

"Hao nini?"

Hao nini? Angesema nini mtu ambaye kila neno lake lilikuwa limeshawekwa rehani mahali? Alikata simu akatoka mbio, shavu moja safi, shavu moja jeupe kwa povu, suti ya kijivu inapepea. Kinyozi naye akatoka mbio nyuma yake, wembe mkononi, akipiga kelele, "Kama gari linanifuata mimi, mbona unakimbia wewe?" Watu wa mtaani walidhani Kinyozi anamfukuza mtu aliyekataa kumlipa. Hawakuwa mbali na ukweli.

Alilikuta gari la wagonjwa mbele ya geti la Mwenye Nyumba, taa zinazunguka. Nyuma, kwenye kitanda cha magurudumu, alikuwa amelala Mwalimu Mkuu Mstaafu, mikono kifuani, akiwaeleza wenzake jinsi kiinua mgongo chake kilivyopotelea ofisini miaka sita iliyopita. Bucha na Fundi Cherehani walikaa pembeni yake wakiitikia kwa huzuni. Mwenye Nyumba alikuwa ndiyo anapanda, na mto wake mwenyewe kwapani.

"Shukeni!" Kinanda alipiga kelele. "Shukeni wote! Gari hili lina... lina hitilafu! Breki!"

"Breki zangu nzima," dereva alisema, akitafuna kijiti cha meno.

"Basi wamebadili ratiba! Waheshimiwa watachukuliwa mchana, kwa gari bora zaidi, lenye viti vya ngozi!"

Mwalimu Mkuu aliinua kichwa. "Kijana, si wewe uliyetufundisha kwamba mheshimiwa akishakalia kiti hashuki mpaka ahudumiwe? Uliniandikisha maneno hayo kwa mkono wangu."

Ni kweli aliyasema. Aliyasema vizuri mno. Kinanda alijaribu uongo wa tatu, akajaribu wa nne, na kila mmoja uligonga ukuta aliojenga mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Alitazama barabara. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa upande wa pili wa mji. Aliiona mikono ya mama yao, ilivyokuwa myepesi siku ile ya mwisho.

"M si ya Mheshimiwa," alisema.

"Unasemaje?"

"M ni ya Mjamzito! Wote watano niliwaandika mna mimba! Ya miezi minane! Huo uchungu mnaoulizwa ni wa kuzaa!"

Hata taa za gari zilionekana kuzunguka polepole. Kisha Mwenye Nyumba akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamwona? Anataka kutushusha awapandishe wengine. Ana waheshimiwa wapya, huyu!"

"Anatuuzia mbuzi kwenye gunia," Bucha aliunga mkono.

Hebu fikiria mateso ya mtu huyu. Alikuwa ameuza uongo mwezi mzima bila kupunguziwa bei, na leo anagawa ukweli bure, hakuna anayeupokea. Kinanda alipiga magoti barabarani na suti yake. Machozi yalimtoka, yakachimba njia kwenye povu.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Anazaa, yuko peke yake. Niliwaandika ninyi, yeye nikamwambia kesho. Kila siku nilimwambia kesho. Chukueni suti, chukueni chumba, nipigeni mkitaka, lakini nipeni gari."

Fundi Cherehani ndiye aliyetoa simu yake kwanza. Akarudisha macho kwenye ujumbe wa mwanzo kabisa, ule ambao hakuusoma kwa sababu ulikuwa mrefu. Akasoma kwa sauti inayokufa: "'Hongera, mama mtarajiwa...'"

Mwalimu Mkuu Mstaafu alikaa kitako juu ya kitanda, polepole, na kwa mara ya kwanza katika safari hiyo akashikwa na uchungu wa kweli.

"Tutakumaliza," Bucha alimwambia Kinanda, akamshika kola na kumvuta ndani ya gari. "Ila baadaye. Kuna mwanamke mwenzetu anajifungua." Kisha akajisikia alivyosema, akaongeza haraka, "Mwanamke. Si mwenzetu."

Dereva aliendesha, na sita walibanana nyuma pamoja na mto na wembe. Walipofika, mlango wa mdogo wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kinanda aliugonga kwa ngumi zote mbili mpaka akatokea mzee wa nyumba ya pili.

"Mbona wanachelewa kukwambia? Alishachukuliwa. Gari hilihili, saa moja asubuhi. Alikuja yule mama mwembamba na daftari lake jekundu, alimohesabu siku zake."

Kinanda alimgeukia dereva. Dereva akatoa kijiti mdomoni.

"Hukuniuliza," alisema.

Mdogo wake alikuwa kwenye chumba cha wazazi cha kituo, amechoka, anatabasamu, na kifuani mwake kulikuwa na kitoto cha kike chenye uso uliokunjamana kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilo na maana. Mkunga alikuwa akinawa mikono. Kinanda alisogea mpaka kitandani. Akasema, "Nisamehe," na mdogo wake akasema, "Futa povu kwanza, utamtisha mtoto."

Nje, kwenye meza yake, Mama Masjala alikuwa amewakalisha waheshimiwa watano kwenye benchi moja. Daftari jekundu lilikuwa wazi mbele yake, mchana kweupe.

"Mama, ulijua," Kinanda alisema.

"Tangu M-10."

"Na kwenye simu ulinidanganya."

"Neno gani lilikuwa la uongo?"

Kinanda alipekua maneno yote ya ile simu, moja moja, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Mdogo wako hayumo kwenye mfumo. Kweli. Gari limetoka. Kweli. Hakuna aliposema yuko wapi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Alihisi wivu, akahisi heshima, vyote kwa pamoja.

"Kule machimbo ya kokoto," Mama Masjala alisema, "nilikuwa na wanawake wanne wajawazito. Hawana simu, mtandao wenyewe haufiki. Kwenye daftari langu wamo, kwenye mfumo hawamo. Niliandika barua kwa wakubwa mara tatu. Wakajibu kwamba mfumo hauwaoni. Ndipo akaja huyu bwana kuniambia yeye ni M." Mwenye Nyumba aliangalia viatu vyake. "Mfumo ukimwona M wa mwezi wa nane unaleta sanduku. Beseni, shuka, sabuni, glavu, uzi wa kitovu, nguo za mtoto. Yalikuja masanduku matano, yameandikwa majina yenu. Manne nimeyapeleka machimbo kwa miguu yangu. La tano," akakielekezea chumba cha wazazi kidole, "ni la Mwalimu Mkuu. Lile shuka amelalia mpwa wako."

"Kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa nakufanyia kazi wewe," Kinanda alisema.

"Na ulifanya kwa bidii, mwanangu. Ila leo nilitaka uyaseme mwenyewe, mbele yao, kwa mdomo uleule. Mimi ningewaambia wasingeniamini. Mimi si msemaji."

Akageuza kioo cha kompyuta wote waone. "Nimefunga majalada yenu. Mfumo unasema mmejifungua salama, wote watano. Mwenye Nyumba, mwanao yuko machimbo, ana kilo tatu na nusu. Bucha, wako ni wa kiume."

Simu tano zikalia kwa pamoja benchini. Hakuna aliyethubutu kuusoma ujumbe, lakini Mwalimu Mkuu Mstaafu, ambaye kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa kusoma mbele za watu, alijisahau. "'Hongera, mama,'" alisoma. Kinyozi alianza kucheka. Akafuata Fundi, akafuata Bucha, na mwisho Mwenye Nyumba mwenyewe akacheka, tumbo likiruka kama lina mtu kweli ndani.

Kucheka si kusamehe. Kinanda alirudi chumba cha uani siku hiyohiyo. Maini yakakoma. Suti ilivuliwa palepale kituoni, akabaki na kaptura na fulana, na barua yenye neno "mwadilifu" ilichanwa vipande vinne na mkono ulioiandika. Kisha Mama Masjala akampa daftari jipya, jekundu, na kalamu yenye kamba.

"Ulimi kama wako ni dhambi ukikaa bure," alisema. "Nenda machimbo. Nenda nyuma ya soko. Kila mama asiye na simu, mwandike, uniletee. Wakikufungia mlango, wewe unajua kufungua."

Alikwenda, kwanza kwa kulazimishwa, kisha kwa sababu alikuwa hodari. Hakuna mlango uliomshinda. Kina mama waliowakimbia mabwana afya miaka nenda rudi walimpa kiti na kumtajia mpaka majina ya wakwe.

Mwezi ulipita. Mchana mmoja alikuwa kibarazani kwa mdogo wake, vumbi la kokoto miguuni, amempakata mpwa wake. Bucha akapita barabarani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu yenye mifuko ya ndani. Fundi alimpanulia kiunoni.

"Imekukaa vizuri, mheshimiwa," Kinanda alimwambia.

"Asante, mama," Bucha akajibu, akapita.

Kinanda hakuelewa mpaka simu yake ilipolia. Mama Masjala alikuwa amemwandika. M-61. "Je, una uchungu?" mfumo uliuliza. "Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana."

Aliitazama ile suti ikikata kona, na lazima tukiri kwamba kidole chake kilikaa juu ya moja kwa muda usiopungua dakika. Kisha kile kitoto kikamshika kidole hichohicho kwa kiganja kizima, kikakivuta, na hakikuachia. Ilibidi abonyeze kwa mkono mwingine.

Akabonyeza mbili.